Ulimi Wangu Ulivyoshtakiwa Nami Nimelala

Kiponda, Mji Mkongwe,
Unguja.

Kwa Mganga Mkuu wa hospitali ambayo jina lake naliacha kwa kuisitiri.

Bwana Mganga Mkuu,

Assalaamu alaykum. Kabla hujaendelea kusoma naomba utafute kiti na glasi ya maji, maana barua hii si fupi, na mwandishi wake si mtu wa kulalamika. Jirani yangu alipomwaga maji ya samaki mlangoni kwangu nilinyamaza. Mvua ilipoingia darini nilinyamaza. Hili limenishinda.

Mimi ni Haroub Mcha Silima, karani mstaafu wa mahkama. Kazi yangu ilikuwa kuita kesi na kuwaapisha mashahidi, na sauti yangu ilifika mpaka barabarani bila ya kipaza sauti. Nayataja haya si kwa kujisifu, ingawa ni sifa, bali ujue kwamba anayekuandikia anaelewa ushahidi ni kitu gani na si kitu gani. Daktari wako wa koo, Daktari Muzdalifa, haelewi. Ni mtoto wa kike mwenye adabu, kanipa shikamoo kabla ya kunichoma sindano, na hilo nimelizingatia. Lakini alilonitenda nikiwa nimelala sina habari halifutiki kwa shikamoo.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Mke wangu, Bi Mwatum, ana dai la siku nyingi kwamba nnakoroma, na kwamba katikati ya kukoroma pumzi hunikatika, nikawa kimya kabisa, kisha nikashtuka na kuvuta hewa kwa kishindo. Akanileta kwenu. Mkanifunga waya nikalala nazo, na jibu likatoka kwamba ni kweli, nna maradhi ya kukatika pumzi usingizini, na maradhi hayo yanaweza kumwondoa mtu. Nikapewa mashine ya kupuliza hewa, yenye barakoa ya kuvaa usoni na mpira mrefu. Nikaivaa mara moja tu. Paka wetu akaniona akakimbia kupitia dirishani, na mimi nikairudisha mashine asubuhi yake.

Ndipo Daktari Muzdalifa akasema kama mashine siitaki, basi lazima ajue koo langu linaziba wapi hasa, na hilo halionekani mtu akiwa macho, kwa kuwa mtu akiwa macho koo lake hujikaza likawa na heshima zake. Akanipa dawa ya usingizi kwenye mshipa. Nikalala. Nikakoroma, kwa madai yao. Akapitisha puani mwangu mpira mwembamba wenye kamera mpaka kooni, akakaa kuangalia ni kiungo gani kinachoanguka na kuziba njia ya hewa, ili ajue tiba gani inifae.

Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

La kwanza, kwamba mimi nnakoroma. Bwana Mganga Mkuu, nimeishi na mwili huu umri wangu wote na sijapata kuusikia ukikoroma hata siku moja. Mashahidi walioletwa wote wana maslahi yao. Mke wangu ana maslahi kwa kuwa ni mke. Sahibu yangu Mansour, ninayekaa naye barazani kucheza dhumna, amesema nikisinzia baada ya chakula cha mchana yeye hulazimika kupandisha sauti ya redio. Lakini Mansour nimemfunga dhumna mbele za watu, na mtu aliyefungwa mbele za watu husema lolote. Kuna Mzungu aliyefikia nyumba ya wageni iliyo mkabala na dirisha letu, akamwuliza mwenye nyumba sisi tunafuga mnyama gani. Mzungu huyo keshaondoka, hawezi kuhojiwa. Mwisho Bi Mwatum akanirikodi kwa simu yake. Niliisikiliza rikodi kwa makini, nikamwambia hiyo ni pampu ya maji ya jirani. Akasema jirani hana pampu. Nikamwambia basi kaazima.

La pili, ushahidi umechukuliwa kwa mtu asiyejitambua. Hapa naomba tusikilizane vizuri. Mtu analazwa kwa dawa, kisha anashtakiwa kwa mambo aliyoyafanya akiwa amelala. Alaa! Kwetu mahkamani mtu akitoa maelezo amelewa, maelezo yanatupwa. Mimi nimeleweshwa na mshtaki mwenyewe, kwa sindano yake, kitandani kwake, kisha huyo huyo akakaa kusikiliza nitatoa sauti gani. Nilipozindukana nikamwuliza nesi kama kuna swali lolote nimeulizwa. Akasema hapana, babu, umekoroma tu. Nikamwuliza kama nilionywa mapema kwamba kila nitakachokikoroma kitaandikwa. Nesi akacheka, akaniletea chai. Chai ilikuwa nzuri, lakini si jibu.

La tatu ni sitara. Wewe ni mtu wa hapa, unajua nyumba zetu zilivyojengwa: mlango hautazamani na ukumbi, mpita njia asije akaona ndani. Ukumbi wenyewe unasitiriwa, seuze koo la mtu! Mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alinizaa akanilea, na hakupata kuliona koo langu huko chini lilivyo. Siku ile likaoneshwa kwenye televisheni kubwa ya ukutani, mbele ya daktari, nesi, bwana wa dawa ya usingizi, na wanafunzi wa udaktari waliojipanga kama wamealikwa. Nimeambiwa mwanafunzi mmoja alisema Masha Allah. Nataka kujua alikusudia nini. Kama kweli alikiona kitu cha kusifiwa, niambiwe. Kama ni kejeli, nipewe jina lake na la babake.

La nne nililiweka nyuma kwa staha, lakini kwa uchungu lingekuwa mbele. Ni hukumu yenyewe. Daktari Muzdalifa aliniita akanionesha rikodi, akanieleza kwa utaratibu kwamba kaakaa langu halina neno, kuta za koo hazina neno, kimio ni kirefu kidogo lakini kimetulia mahala pake. Mkosaji ni ulimi. Ati nikilala chali ulimi unalegea, unarudi nyuma, unakaa juu ya njia ya hewa na kuiziba.

Ulimi! Ulimi huu ndio uliowaapisha mashahidi wa kisiwa hiki, kuanzia kesi za wizi wa kuku mpaka mirathi za watu wakubwa wenye majumba. Haujapata kubabaika mbele ya hakimu. Ndio uliomposa Bi Mwatum kwao Jambiani, mbele ya wajomba zake wote wamekunja nyuso. Leo unaambiwa unataka kumnyonga bwana wake, tena kitandani. Na haukupewa nafasi ya kujitetea, kwa sababu wakati kesi yake inasikilizwa ulikuwa umelegezwa kwa dawa. Nimefanya kazi mahkamani maisha yangu yote na sijaona mshtakiwa aliyeonewa kama huyu.

Kisha daktari akaongeza kwamba alipoishika taya yangu ya chini akaisogeza mbele kidogo, ulimi uliondoka, njia ikafunguka, nikapumua vizuri kama mtoto mchanga. Kwa hivyo anataka kunitengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni ninapolala, kinachoshikilia taya isirudi nyuma. Hana haja ya kunikata wala kunishona. Yaani mimi Haroub nilale nimetokeza taya kama samaki chewa aliyelazwa mezani soko la Darajani? Kidevu hiki kilisifiwa siku ya harusi yangu, na waliokisifu wengine wangali hai. Nikakataa pale pale.

La tano ndilo lililoibomoa nyumba yangu, na yote ya huko juu yangeweza kusameheka lau si hili.

Mimi na mke wangu tunalala chumba kimoja, lakini si kitanda kimoja. Mimi nalala juu ya samadari ya wazee wangu, kitanda kirefu cha kupandia kwa kigoda. Bi Mwatum magoti yamemkataza kupanda, analala kwenye godoro chini. Sasa, zamani kidogo, mjane mmoja aitwaye Bi Salhiya alianza kuuza mikate ya ufuta kwenye pembe ya mtaa wetu. Mikate mizuri, milaini, nami nikawa mnunuzi wa kila jioni. Wiki ile ile Bi Mwatum alitoa doti ya kanga isiyokatwa, ncha moja akanifunga kwenye kifundo cha mguu, ncha ya pili akajifunga mkononi huko chini, akalala zake. Hakusema kitu, nami sikumwuliza. Mwanamme gani atauliza? Nilielewa. Mke wangu ananionea wivu, anachelea nisije nikashuka nikamwendea mwuza mikate.

Sikwambii furaha niliyoipata, Bwana Mganga Mkuu. Kwa umri wetu huu! Nikishtuka usingizini kwa kuvutwa mguu, hujisemea, anahakikisha nipo, kisha hulala tena kwa raha zangu. Barazani nilisimulia, na nilisimulia vizuri. Mansour akazikusanya dhumna kwa husuda. Bwana mmoja akenda kumwomba mkewe naye amfunge, akaulizwa kama ana homa. Heshima yangu pale mtaani ilikuwa imesimama juu ya kanga ile, na hata wale waliokuwa hawaniamkii walianza kuniamkia.

Sasa siku ya kipimo, dawa ndio kwanza inanitoka kichwani, Daktari Muzdalifa akamwuliza mke wangu mbele yangu anajuaje kwamba pumzi zinanikatika. Bi Mwatum akamweleza. Kwamba nikikoroma yeye anapata kulala, nikinyamaza anaamka. Kwamba hukaa akisikiliza, na kimya kikizidi anaivuta kanga mpaka nishtuke nivute hewa. Magoti hayamruhusu kuinuka kila mara, ndiyo maana akafunga kanga. Kwamba tangu siku aliyoifunga hajalala usingizi wa mtu. Daktari akamshika mkono asiuachie. Wanafunzi wakatazama chini. Mimi, kwa sauti ambayo haikuwa ile ya mahkamani, nikauliza, na Bi Salhiya je? Bi Mwatum akauliza Bi Salhiya gani. Nikasema wa mikate. Alicheka mpaka akashika ukuta, akasema Bi Salhiya ana akili zake timamu, atanitaka mimi ya nini.

Ndivyo hospitali yako ilivyoniondolea wivu wa mke wangu. Niliingia kwenu mwanamme anayegombewa, nikatoka mgonjwa anayechungwa. Na Mansour keshapata habari, sijui kwa nani.

La sita. Tuliporudi nyumbani niliurudia msimamo wangu kwamba kifaa cha taya sikivai. Bi Mwatum hakugombana na mimi. Lau angeligombana ningelimjibu, kujibu naweza. Aliikunja ile kanga, akaitia mkobani pamoja na nguo zake, akasema anakwenda Jambiani kwa dadake, Bi Wanu, mkulima wa mwani. Nikamwuliza anakwenda kufanya nini. Akasema, "Nnakwenda kulala." Hakusema kwamba ananikimbia, wala kwamba amekasirika. Alivyolisema neno lile utadhani anakwenda hija.

Tangu aondoke nalala nimekaa, kwenye kiti cha ukumbini, nimejipanga mito pande zote, kwa sababu naogopa kulala chali. Sikoromi, lakini naogopa. Mchana nasinzia popote. Juzi nimesinzia dhumna mkononi, Mansour akazitazama zangu zote akanifunga, nami sikuwa na nguvu ya kuteta. Chakula nnapika mwenyewe na paka hakitaki. Mguu wangu mmoja nauhisi mwepesi. Nyumba ile ni kubwa kupita kiasi, sijui wazee waliijenga ya nini. Nna hamu na mke wangu, Bwana Mganga Mkuu, na hili naliandika wazi liingie kwenye kumbukumbu.

La saba na la mwisho, simu. Daktari Muzdalifa alinipigia, keshasikia kwamba Bi Mwatum kaondoka. Akanipa shikamoo, nikamwitikia marahaba kwa ukali ili ajue tulipofikia. Hakunitisha wala hakunihimiza. Aliniuliza tu, babu, sasa kanga anaivuta nani? Hili ni swali la kumbana shahidi kwenye kona, na lingeulizwa mahkamani kwetu ningelisikia hakimu akilikataa. Nikakata simu, nikenda kuipanga mito yangu kwenye kiti.

Kwa hayo, maombi yangu ni mepesi. Ulimi wangu ufutiwe mashtaka. Rikodi ya koo langu ifutwe, au nikabidhiwe mwenyewe nikakitafute kile kilichotolewa Masha Allah. Na lililo kubwa, hospitali yako imwandikie Bi Mwatum barua yenye muhuri, ikanushe kwamba pumzi zinanikatika, ili arudi nyumbani na roho yake imetulia, bila ya mimi kuvaa kitu chochote mdomoni. Ikiwa kukanusha kabisa hakuwezekani kwa sababu za kitaalamu, basi iandikwe kwamba zinanikatika kidogo, tena kwa adabu.

Nisalimie nesi wa chai. Nisalimie bwana wa dawa ya usingizi, kwani usingizi alionipa, juu ya ubatili wake kisheria, ulikuwa mtamu. Wasalimie wanafunzi wote ila mmoja, yeye nitamsalimia akishajieleza. Daktari Muzdalifa mpe marahaba yake, isiyokuwa na ukali safari hii, na uwaambie wazee wake wamelea vizuri, ila hawakumfundisha sheria.

Mimi, niliye macho kwa wakati huu,

Haroub Mcha Silima
Karani wa Mahkama (mstaafu)

Nyongeza, baada ya kutia sahihi:

Malalamiko hayapelekwi mbele bila ya shahidi kutia sahihi yake, ndivyo nilivyofundishwa kazi. Shahidi wa mambo haya ni mmoja tu, basi barua hii niliitia mfukoni nikenda nayo Jambiani. Nilifika adhuhuri imeshasaliwa. Bi Wanu ndio kwanza anatoka kwenye mwani, nguo zimemrowa mpaka kiunoni. Aliniona akaweka kidole mdomoni, akanionesha ndani.

Bi Mwatum alikuwa amelala kwenye mkeka. Nikajisemea, alhamdulillahi, kakipata alichokifuata. Kisha nikaiona kanga. Ilikuwa imefungwa mkononi mwake vile vile kama nyumbani, na ncha ya pili iko sakafuni, haikufungwa kwa mtu. Nikiwa bado nimesimama, mkono wake ukavuta. Macho yamefumba. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, na uso ukamkunjana. Bi Wanu akaninong'oneza kwamba ndivyo anavyolala tangu afike: anavuta, haoni uzito, anashtuka, anakaa kitako anaita jina langu. Akikumbuka yuko wapi, analia. Kulala kwenyewe hakulala.

Nikakaa chini. Nikaiokota ncha ile nikaizungusha mkononi mwangu. Alipovuta, na mimi nikavuta kidogo. Uso ukamkunjuka, akageuka ubavu, akalala usingizi mzito karibu mpaka alasiri, nami sikuthubutu hata kukohoa. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukaa kusikiliza pumzi za mtu. Kila zikipungua, na mimi roho inapanda. Ni kazi nzito, Bwana Mganga Mkuu. Sijui yeye aliiwezaje, tena peke yake, tena huku mimi nasimulia barazani.

Kwa hivyo malalamiko yote nayaondoa, isipokuwa la yule mwanafunzi. Barua naituma hivi hivi kwa kuwa nimeshaiandika na mwandiko umetoka vizuri. Mwambie Daktari Muzdalifa anipime hicho kifaa cha taya, nitalala kama chewa. Ulimi umekiri.

Ila nna ombi moja jipya. Nimeelezwa kwamba kifaa kikishakuwa tayari nitalazwa kwenu tena na zile waya, mnisikilize nikiwa nimekivaa. Siku hiyo nitakuja na Bi Mwatum. Naomba atandikiwe kitanda cha pili, kifupi, kwa sababu ya magoti, na nesi mmoja akae macho anisikilize mimi badala yake. Yeye si mgonjwa. Asubuhi ikifika, msimwamshe.